Kasuku niliowaokoa wananigombanisha na mume wangu

Anti, shikamoo.

Nina miaka 38, ni mama wa watoto wawili na fundi cherehani, tunaishi Tabata kwenye nyumba ya kupanga. Jina langu naomba usilitaje, maana mume wangu anasoma safu yako kuliko mimi.

Kabla sijafungua fremu yangu nilikuwa nashona mapazia kwa mzee mmoja wa Upanga. Alikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Kibopa, aliyekaa naye tangu watoto wake wako shule ya msingi. Mzee alipofariki, watoto wakaja kutoka nje kugawana vitu na kuuza nyumba. Kibopa wakamsukumia stoo nyuma ya makochi, chakula chake alizeti na mkate mkavu. Nilipokwenda kudai hela yangu ya mwisho nilimkuta kifua chote kiko uchi, ngozi inaonekana kama kuku aliyenyonyolewa. Mmoja wa wale watoto akaniambia, "Dada, ukimtaka mchukue, usipomtaka tunamfungulia mlango aende." Nikamfunika na kanga yangu, nikaita bajaji.

Wa pili ni Chiku. Huyu mdogo, wa kijani, kichwa rangi ya udongo. Tulikuwa tunarudi msibani Bagamoyo, vijana wanauza ndege pembeni ya barabara, yeye mabawa yamekatwa kwa mkasi na jicho moja limefumba. Nikashindwa kupita, nikamnunua. Mume wangu alicheka, akasema sasa nyumba imekuwa zoo.

Siku hizo hapakuwa na ugomvi. Mume wangu anachomelea mageti na madirisha, na tundu kubwa lililoko chumba kidogo alilitengeneza mwenyewe kwa nondo na waya mpya wa mabati. Kibopa akaanza kuongea. Anaita "Segerea, Segerea, mmoja!" kama konda. Anatoa mlio wa LUKU ya umeme kuisha, mume wangu anakwenda kuangalia uniti, anakuta zimejaa. Mwanangu mdogo, ana miaka sita, akikohoa naye anakohoa vilevile, mpaka alfajiri nanyanyuka sijui nimkimbilie nani.

Shida ni kwamba Kibopa amenichagua mimi. Nikiwa cherehani yuko begani. Mume wangu akisogea anang'atwa, na safari moja kidole kilishonwa. Nikienda fremu analia kwa sauti mpaka majirani wanagonga geti, na mwenye nyumba ameshatoa onyo. Harusi ya mdogo wangu Tanga sikwenda, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kumlisha. Na siwanyimi kitu, Anti. Wanakula tunachokula sisi: wali, chapati, ndizi, parachichi.

Halafu kuna kifua cha mtoto. Zamani kilikuwa kinambana msimu wa mvua tu. Sasa hivi pampu haikauki mkononi. Mume wangu anasema ni hawa ndege. Mimi nasema Tabata nzima ni vumbi, na yeye mwenyewe anarudi na moshi wa kuchomelea kwenye nguo. Naona amepata kisingizio.

Sasa mama mkwe anakuja kutoka Korogwe kwa ajili ya kliniki ya Muhimbili, atakaa muda mrefu, naye ana pumu. Chumba chake ni hicho cha ndege. Mume wangu amenitamkia, "Mama yangu akifika nisikute ndege humu ndani. Nimesema watoke!" Kesho yake tukiwa mezani, Kibopa kwa sauti ileile ya baba watoto: "Nimesema watoke!" Watoto wakacheka hadi machozi. Mume wangu akaacha chakula, anaamini nimemfundisha mimi ili nimdhalilishe. Tangu hapo tunasalimiana kwa mkato.

Shoga yangu ananiambia nikawaachie msitu wa Pugu. Kuna mtu wa Masaki ameahidi hela nzuri kwa Kibopa, anasema atampeleka nje ya nchi kwenye maisha bora, na ada ya shule iko mlangoni. Shemeji yangu ananitisha kwamba nitafungwa. Mimi naona nikiwatoa watakufa, nikiwabakiza ndoa ndiyo itakufa. Nisaidie, Anti.

Mama wa Kibopa, Tabata

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nimecheka kwa mlio wa LUKU, halafu nikafika kwenye kikohozi nikaacha kucheka.

Kama nimekuelewa, uliwaonea huruma viumbe wawili wakati hakuna mtu mwingine aliyetaka hata kuwatazama, na umewatunza kwa nguvu zako. Leo huruma hiyo imegongana na kifua cha mtoto, mkwe aliye njiani, mwenye nyumba aliyechoka na mume aliyenuna. Umelipanga kama la kuchagua, ndege au ndoa. Ruhusu nilipangue kidogo, maana sidhani kama limekaa hivyo.

Nianze na mtoto, kwa sababu hilo halingoji mtu apatane na mtu. Kasuku wa kijivu ana manyoya laini yanayojisaga na kuwa unga mweupe, bila shaka umeuona ukitanda juu ya meza ya cherehani. Mwenye pumu akiuvuta, mirija ya hewa inawasha na kubana. Vinyesi navyo vikikauka vinapeperuka, na ndege akiwa na maradhi vumbi hilo linaweza kumpa mtu homa ya kasuku: homa, kichwa kuuma, kikohozi kikavu. Inatibika kwa antibayotiki, lakini daktari wa watoto hapa mjini atafikiria malaria na nimonia kwanza asipoambiwa kuwa ndani kuna kasuku. Je, umeshamwambia? Mpeleke mtoto, na sentensi yako ya kwanza iwe hiyo. Yawezekana kweli ni vumbi la Tabata na moshi wa kuchomelea. Yawezekana ni vyote kwa pamoja. Ila kusema baba yake ametafuta kisingizio, kabla daktari hajasema neno, hapo umekwenda mbio. Wakati mnasubiri majibu, mtoto asiingie chumba kile, usafi ufanyike kwa kitambaa kibichi badala ya fagio kavu, na wewe ufunge barakoa.

Sasa baba watoto. Umeandika kwa kupitia tu kwamba tundu alilitengeneza yeye. Mimi hapo ndipo niliposimama. Mwanamume anayechukia ndege hakati nondo zake za biashara akawajengea. Alicheka, akawapokea, akawapa chumba. Kisha ndege yule yule akamng'ata hadi akashonwa, akamzuia kumsogelea mkewe ndani ya nyumba yake, na siku ya siku akamkebehi mezani mbele ya watoto. Ungekuwa wewe? Sisemi ana haki ya kukupigia kelele. Najiuliza tu kama yupo aliyewahi kumpa pole ya kile kidole. Na sijaona popote kwenye barua kwamba mlikaa mkakubaliana ndege wangekuja kwa muda gani na kazi itakuwa ya nani. Kibopa alifika kwa bajaji, Chiku kwa huruma ya barabarani, na kila mtu akazoea alivyoweza.

Kuhusu lile neno la mezani, mwambie mumeo ukweli huu, na ukiweza mwonyeshe gazeti hili. Kasuku wa kijivu hushika haraka maneno yanayosemwa kwa jazba. Hajui kudhalilisha mtu. "Nimesema watoke" lilitoka kwa nguvu, watoto wakaangua kicheko, naye akaona hilo ndilo neno la kupatia umaarufu. Mkilicheka tena atalirudia mwaka mzima. Mkilipuuza na kumchangamkia anapoita Segerea, litafifia.

Kung'ata nako kuna sababu. Porini kasuku huungana na mwenza mmoja na kumlinda. Anayekaa begani siku nzima, anakwaruzwa mgongo na kupewa chakula mdomoni, anaamini amepata mke. Mumeo kwake ni mshindani. Shingo na kichwa kuguswa hakuna neno, mgongo na chini ya mabawa acha. Begani ashuke, awekewe kijiti cha mpera karibu na cherehani. Kile anachokipenda kuliko vyote, labda korosho isiyo na chumvi, wewe usimpe tena. Kitoke mkononi mwa baba watoto peke yake, kwanza kupitia kwenye waya, bila kumlazimisha yeyote kati yao. Inachukua miezi, na wapo ndege wasiobadilika. Kelele za asubuhi na jioni pia hutazimaliza zote, maana ndivyo kundi linavyoitana, lakini zile za ukiwa fremu zinapungua akipata kazi ya kufanya: karanga zilizofungwa ndani ya karatasi, gunzi la hindi, ubao laini wa kutafuna. Kule Marekani kasuku wa kijivu aitwaye Alex alifundishwa na mwanasayansi Irene Pepperberg tangu 1977 hadi alipokufa 2007, akaweza kutaja rangi, maumbo na kuhesabu vitu vichache. Kiumbe mwenye akili hiyo ukimweka kwenye chumba kitupu kutwa nzima, atatafuta la kufanya, na mara nyingi huanza na manyoya yake mwenyewe.

Unaweza kudhani Kibopa alijinyonyoa kwa kumlilia mzee. Huenda. Ila kujinyonyoa kunaletwa pia na ugonjwa wa ini au ngozi, wadudu, kukosa kuoga, na lishe ya alizeti tupu isiyo na vitamini A wala kalsiamu ya kutosha. Anahitaji daktari wa mifugo, na umuulize mapema kama amezoea ndege zaidi ya kuku, kama hajazoea akuelekeze kwa mwenzake. Parachichi acha leo hii, kwa ndege ni sumu na linaua. Chokoleti, kahawa na vyakula vya chumvi navyo visiwafikie. Mchicha, matembele, karoti, boga, papai, hata pilipili, hivyo wape, pilipili haiwawashi kabisa. Jikoni, kikaango kisichogandisha kikisahauliwa kwenye moto kinatoa hewa inayoua ndege kwa dakika chache. Na ule waya mpya wa mabati una zinki, wakiutafuna inawaingia mwilini. Hilo kamuulize fundi wa nyumbani kwako aone atalirekebishaje. Atajua kuliko mimi, na utakuwa umempa sababu ya kuingia tena chumba kile.

Chiku ni habari nyingine, na hapa naomba usinikasirikie. Ulimtoa kwenye mateso, hakuna ubishi. Lakini yule kijana wa barabarani hela aliitia mfukoni, na kesho yake alikuwa na sababu ya kurudi kutega. Ukikutana tena na biashara ile, toa taarifa kwa watu wa Maliasili, usinunue hata moyo ukikuuma.

Tukifika kwenye sheria, shemeji yako ametia chumvi lakini hakutunga. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na kukaa nao bila kibali ni kosa. Kasuku wa kijivu ana ulinzi wa ziada. Kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliofanyika Johannesburg 2016 aliingizwa daraja la juu kabisa, na biashara ya kimataifa ya ndege wa porini wa aina hiyo ikapigwa marufuku kuanzia 2017, kwa sababu walikuwa wanakwisha. Ghana watafiti walikuta wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu 1992. Mtazame Kibopa mguuni. Akiwa na pete ya chuma isiyo na kiungio, ni dalili kwamba alizaliwa kwenye malezi ya watu, maana pete ya namna hiyo huvalishwa kifaranga wa siku chache tu. Waulize watoto wa mzee kama kuna karatasi yoyote ya baba yao, hata iliyochakaa.

Ukishapata ulichopata, pita kwanza kwa watoa msaada wa kisheria, wapo wasiotoza hela, kisha ndiyo muende Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Hatari ipo na sitaki nikufiche. Wanaweza kuwachukua ndege na kuwapeleka mahali usipopachagua wewe, na unaweza kuhojiwa. Kenya, mwishoni mwa 2022, waliokuwa na kasuku wa kijivu bila kibali walipewa muda wa msamaha wajisajili, lakini huo ulikuwa wa kwao, usiende ukiutegemea. Hata hivyo, anayekwenda mwenyewe na maelezo ya jinsi ndege walivyomfikia hutazamwa tofauti na anayefuatwa baada ya jirani kupiga simu. Na majirani zako wameshachoka.

Yule wa Masaki simwamini. Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na Kibopa kuvuka mpaka kunadai vibali ambavyo sidhani kama anavyo. Ukipokea hela yake, kutoka kwenye mtu aliyeokoa ndege unahamia kwenye mtu aliyeuza. Ada inauma, naijua. Iombee muda shuleni.

Pugu je? Shoga yako ana nia njema. Misitu ya kasuku wa kijivu inaanzia Afrika Magharibi, inapita Kongo na Uganda, na kwetu inaishia kule kaskazini magharibi, upande wa Kagera. Pwani siyo kwao. Ndege aliyelelewa na mzee Upanga hajui kutafuta tunda wala kumkimbia mwewe, na kifua kile kiko uchi. Chiku huku pwani ni kwao, wenzake wanaonekana kwenye mibuyu na minazi, kwa hiyo kwake kurudi porini siyo ndoto tupu. Lakini mabawa lazima yaote upya akipukutisha manyoya, jicho litazamwe, apimwe asipeleke ugonjwa kwa wenzake, na aachiwe kwa mpango wa watu wa wanyamapori. Huenda hawa wawili wasiishie mahali pamoja, na sijui kama umewahi kuliwaza hilo.

Kubaki nao nako kunawezekana, vibali vikipatikana. Banda la nje upande wa uwani lingepunguza unga ndani ya nyumba na kumpa mama mkwe chumba, ingawa mwenye nyumba lazima akubali, na mwizi akijua bei ya Kibopa hatalala. Mwenye pumu ndani ya nyumba moja na kasuku wa kijivu, hata kwa banda la nje, bado ni jambo la kumuuliza daktari. Pia kuna umri. Akitunzwa vizuri Kibopa anaweza kupita miaka 40. Huyo mwanao wa miaka sita anaweza kuja kumrithi, kama watoto wa mzee walivyomrithi. Harusi ya mdogo wako imeshapita. Zitakuja nyingine, na misiba. Umemfundisha nani kumlisha?

Umeniandikia kuwa ukiwatoa watakufa. Sina hakika. Ndege aliyehamishwa taratibu, kwa mtu au kituo chenye kibali na nafasi, mara nyingi huhuzunika wiki kadhaa kisha akachagua mtu mwingine. Kibopa alishamhama mzee akaja kwako. Sikusukumi umtoe. Nakuomba tu swali la nani anamhitaji nani ulijibu ukiwa peke yako, cherehani imezimwa, kwa sababu naona wewe nawe ulimpenda yule mzee.

Kwa mumeo usianze na ndege. Anza na kidole, kisha kifua cha mtoto na siku mtakayokwenda hospitali pamoja, mwache naye aseme bila kumkatiza. Mtafika kwa Kibopa wenyewe. Kaeni mbali na chumba chake mnapoongea, yule hakawii.

Na kabla mama mkwe hajapanda basi Korogwe, mpigie simu wewe mwenyewe, umwambie kuna kasuku nyumbani na mnafanya nini kuhusu hilo. Ana pumu, anahitaji kujua anakofikia, na anaweza kutaka kufikia kwa wifi yako wiki za mwanzo hadi mtakapopanga vizuri. Ukishaonana na daktari niandikie alichosema.